Cheti Kilichokuja kwa Posta

Siku ya kwanza niliyoingia chumba cha wazazi nilizirai. Nilikuwa nimeshika taa, mtoto akatoa kichwa, na kitu cha mwisho ninachokumbuka ni sakafu ikinifuata. Nilipozinduka, mwanamke aliyekuwa akizalisha hakuwa hata amegeuka kunitazama. Alisema tu, bila kupandisha sauti, "Inuka mwanangu. Huyu mama ana kazi ya kufanya, hawezi kukungoja."

Nikainuka. Taa nikaishika mpaka mwisho.

Zahanati yetu ilikuwa Temeke, nyumba ndefu ya bati yenye chumba cha dawa, chumba cha kufungia vidonda, na mwishoni chumba cha wazazi chenye vitanda vitatu. Watumishi tulikuwa wanne. Alikuwepo bwana mganga, mkuu wetu. Mie, muuguzi msaidizi kutoka bara niliyemaliza darasa la nane. Mama mmoja wa usafi, mtu asiye na maneno mengi. Na huyo mwanamke aliyeniinua sakafuni, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga.

Mama Mkunga alikuwa mtu wa kusini. Ukunga alifundishwa na masista wa misheni tangu akiwa msichana, siku za Mwingereza, kwa kutazama na kushika, na walipoondoka walimwachia karatasi yenye muhuri wa kanisa. Karatasi hiyo baada ya Uhuru haikumfikisha popote. Kwenye orodha ya watumishi alikuwa muuguzi msaidizi kama mie, ingawa wakati mie nazaliwa yeye alikuwa ameshapokea watoto wa kijiji kizima. Aliishi Kiwalani na mumewe, mchonga vinyago, na kila asubuhi alikuja kwa miguu na kanga moja mabegani na nyingine mkononi, akisema ile ya mkononi ni ya mtoto atakayekuja bila nguo. Na watoto hao walikuja.

Aliyonifundisha sikuyapata kwenye chuo chochote. Alinifundisha kulaza kiganja juu ya tumbo na kujua mtoto amegeukia wapi kabla ya kutafuta mapigo ya moyo wake. Alinifundisha kusikiliza sauti ya mzazi, kwa sababu, alivyosema, mwanamke hubadilisha mlio mtoto anaposhuka, na mwenye masikio hahitaji kuingiza kidole kila mara. Zaidi ya yote alinifundisha mtoto aliyetanguliza matako. "Huyo usimvute," aliniambia. "Ukimvuta anainua mikono, kichwa kinanasa. Weka mikono yako mgongoni mwako mwenyewe, mwache aning'inie kwa uzito wake mpaka uone nywele za kisogo. Hapo ndipo umsaidie, na hapo usichelewe."

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha, tangazo lilipita redioni na baadaye likaja kwa barua. Wauguzi wasaidizi waliotaka kuwa wauguzi kamili, wenye kusajiliwa, wangeweza kusoma bila kuacha kazi. Masomo yangeletwa kwa posta kwa miaka mitatu. Kila mwaka tungekwenda wiki kadhaa kufanya mazoezi katika hospitali kubwa mjini. Mwishoni ungekuwepo mtihani. Nilimsomea Mama Mkunga ile barua tukiwa tumekaa kwenye benchi la nyuma, tukisubiri vyombo vichemke kwenye jiko la mafuta ya taa.

"Tuombe wote wawili," nikamwambia.

"Masomo ni kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

Akacheka. "Kiingereza changu kiliishia kwa masista, mwanangu. Gudi moningi na amina. Omba wewe. Ukishakuwa mkubwa utanikumbuka."

"Nitakuombea wakupandishe," nikasema. Nilisema kwa moyo mweupe. Sikuwa na sababu ya kusema uongo siku ile.

Bahasha ya kwanza ilikuja kupitia sanduku la posta la zahanati, nene, ya kaki, imefungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na karatasi zilizopigwa chapa kwa mashine ya wino uliofifia, kiasi kwamba michoro ya mifupa ya nyonga ilionekana kama ramani ya nchi isiyojulikana. Kila somo lilikuwa na maswali mwishoni. Ulijibu, ukatia stempu, ukangoja. Baada ya wiki tano au sita majibu yalirudi yakiwa na wino mwekundu wa mwalimu ambaye sikupata kumwona hata siku moja.

Nyumbani nilikuwa na chumba kimoja, mume aliyekuwa karani wa bohari, na watoto wawili wadogo, kwa hiyo nilisomea zahanati. Alasiri wagonjwa wakipungua, Mama Mkunga aliniondolea kazi yangu na kuifanya yeye. Aliosha glavu, akazipaka poda, akazikunja, huku mie nikisoma kwa sauti na kumfasiria. Wakati mwingine alinikatiza. "Hapo kitabu kimesahau kitu," alisema, na kunieleza alichokiona mwenyewe: namna uso wa mzazi unavyokauka kabla damu haijaanza kutoka, namna kondo la nyuma linavyochelewa kwa mwanamke aliyefunga saumu na kuchoka. Mie niliandika. Kwenye majibu yangu nilianza, "Kwa uzoefu wangu nimeona kwamba," kisha nikaweka maneno yake kwa Kiingereza. Mwalimu wa wino mwekundu alipenda sana sehemu hizo. Mara moja aliandika pembeni kwamba ni nadra kukuta mwanafunzi mwenye jicho kama langu. Nilimsomea Mama Mkunga maneno hayo, lakini sikumwambia yameandikwa pembeni ya jibu gani. Alifurahi kama mzazi. Alimwambia hata mama wa usafi.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Nilipokwenda mazoezini mjini yeye alifanya zamu zangu. Nilipofanya mtihani alinifungia kanga mpya, akasema niikalie, inaleta utulivu. Nilifaulu. Cheti kilikuja kwa posta kama kila kitu kingine, katika bahasha ya kaki, na pamoja nacho barua ya kunifanya msimamizi wa chumba cha wazazi. Nikavaa gauni jeupe na mkanda wenye bizimu la fedha kiunoni. Wagonjwa wakaanza kuniita sista. Mama Mkunga aliendelea kuniita mwanangu.

Ahadi ile ya kumwombea niliikumbuka mara mbili tatu. Kila mara nilijiambia nitaandika mwezi ujao.

Ndipo akaja mkaguzi. Alifungua daftari la wazazi akaniuliza nani alizalisha huyu, na huyu, na huyu. Nikamwambia ukweli, kwamba wengi walikuwa wa Mama Mkunga. Akafunga daftari taratibu. "Sista, hapa jina lililosajiliwa ni lako. Mtu asiye na cheti akikosea, anayeulizwa ni wewe. Cheti chenyewe wanaweza kukichukua." Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno yale yaliniingia. Cheti kile nilikuwa nimekihangaikia miaka mitatu, na sasa nilikuwa nikikiona kama yai lililowekwa mezani karibu na ukingo.

Haikupita wiki mbili, nikafika asubuhi nikamkuta Mama Mkunga amempokea mtoto aliyetanguliza matako, peke yake, salama kabisa. Mama analala, mtoto ananyonya. Bwana mganga alikuwepo, mama wa usafi alikuwepo, na wanawake wa kliniki walikuwa wamekaa barazani wanasikia. Badala ya kumshukuru nilimwambia, mbele yao wote, "Kuanzia leo usimguse mzazi bila mie kuwepo. Akija, niite, ungoje. Kama sipo, ningoje. Hiyo ni amri."

Alikuwa akisuuza mikono. Akaifuta kidole kimoja kimoja.

"Nimesikia, sista," akasema.

Hakuniita mwanangu tena tangu siku ile. Nilitegemea ningeona hasira, nipate la kujitetea. Hakuwa na hasira. Kila mzazi aliyekuja aliniita, akasimama ukutani mikono nyuma, akanitazama nikifanya. Nilipokosea hakusema. Ningeweza kumwomba msamaha wakati wowote katika miezi miwili iliyofuata, na kila jioni nilipovua gauni nilifikiri kesho nitafanya hivyo.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumamosi. Tawi letu la chama lilikuwa na sherehe ya elimu ya watu wazima. Wazee waliojua kusoma wangepewa vyeti, na mie nilikuwa nimeombwa niseme machache kuhusu kusoma kwa posta, niwatie watu moyo. Sherehe ilikuwa kwenye kiwanja cha shule, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Bwana mganga alikuwa amekwenda mjini kuchukua dawa. Niliangalia chumba cha wazazi, hakikuwa na mtu. Nikamwambia Mama Mkunga, "Akija mzazi, mtume mama wa usafi aniite."

"Sawa, sista."

Niliketishwa jukwaani, kwenye kiti, karibu na viongozi. Ngoma zilipigwa, bibi mmoja mzee sana akasoma aya nzima bila kukwama na watu wakalia machozi. Kisha nikamwona mama wa usafi. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, anahema, na alipoona nimemwona aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena. Nilijua maana yake. Wakati huo huo mwenyekiti alikuwa anainama kunieleza kwamba anayefuata ni mie.

Nilimwonyesha mama wa usafi kiganja, kwamba ngoja.

Nikasimama nikasema. Nilieleza habari za bahasha, za stempu, za kusoma huku nikichemsha vyombo. Nilisema kwamba elimu haina mwisho na kwamba hata mama mwenye watoto anaweza. Watu walipiga makofi na vigelegele. Sikumtaja aliyeosha glavu zangu. Nilisema labda dakika kumi, labda zaidi. Wakati ule sikupima, na tangu siku ile nimezipima mara nyingi. Niliposhuka nilitaka kukimbia lakini watu walinishika mikono kunipongeza, na niliona aibu kuwaponyoka.

Nilipofika zahanati nilisikia kimya kabla sijaingia mlangoni.

Mzazi alikuwa msichana wa mimba ya kwanza, mke wa mfanyakazi wa kiwandani. Mtoto alitanguliza matako. Mama Mkunga alikuwa amemtuma mama wa usafi mara tu alipomlazia kiganja tumboni. Kisha akangoja, kama nilivyoamuru. Aliketi karibu na kitanda, akamshika msichana mkono, akamwambia sista anakuja. Mwili ulitoka, mikono ikatoka, na Mama Mkunga bado alikuwa anatazama mlango. Alipoona siji, aliivunja amri yangu, akakitoa kichwa. Alikitoa vizuri, sikuona jeraha lolote. Lakini muda wa kutochelewa ulikuwa umepita. Nilimkuta amepiga magoti, mtoto kamlaza juu ya kanga, anampulizia pumzi. Aliendelea muda mrefu baada ya mie kuingia. Alikuwa mtoto wa kiume, amekamilika kila kiungo.

Msichana aliniuliza, "Sista, mbona halii?"

Mama Mkunga ndiye aliyeinuka, akaketi kitandani, akamkumbatia na kumwambia.

Jumatatu bwana mganga alisema ripoti lazima iende wilayani. Niliandika kwa Kiingereza, kama ripoti zote zilivyoandikwa, na Kiingereza changu baada ya miaka mitatu ya bahasha kilikuwa kizuri. Niliandika kwamba muuguzi msaidizi alikuwepo tangu mzazi alipofika. Kwamba hakuchukua hatua kwa wakati. Kwamba msimamizi alikuwa nje kwa shughuli rasmi na alirudi baada ya kuarifiwa. Kila sentensi peke yake ilikuwa kweli. Amri yangu sikuiandika. Kiganja nilichokionyesha jukwaani sikukiandika. Niliiweka mbele ya Mama Mkunga nikamwambia aweke sahihi kwamba ameiona.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inasema yaliyotokea."

Alichukua kalamu akaandika jina lake kwa zile herufi za masista, zilizolala upande mmoja. Mama wa usafi alikuwa anafagia mlangoni. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kabla ya miezi mitatu barua ilikuja kwamba Mama Mkunga amestaafishwa kwa manufaa ya umma. Wanaokumbuka siku zile wanajua maneno hayo yalivyokuwa. Hayakueleza kosa, na kwa hiyo kila mtu alijichagulia kosa lake. Siku ya mwisho alikabidhi mikasi na glavu, akanihesabia mbele yangu, akaaga. Nilimpa mkono. Nilishindwa hata kusema shikamoo, neno nililomwamkia nalo kila asubuhi kwa miaka saba.

Nilikaa nusu mwaka kabla ya kwenda Kiwalani. Nilimkuta uani, mumewe akichonga kwenye kivuli cha ukuta, vumbi jeusi la mpingo limemjaa magotini. Walinikaribisha. Mama Mkunga akaleta kigoda na uji wa moto kwenye bakuli, tukaulizana habari za watoto. Wanawake wawili wajawazito walikuwa wameketi mkekani wakingoja, na nilielewa kwamba watu bado walikuwa wanamfuata.

Wanawake wale walipohudumiwa na kuondoka nikasema, "Mama, nimekuja kwa ajili ya ile ripoti."

"Nilisomewa," akasema. "Waliponipa barua niliomba nakala. Mwalimu jirani yetu akanisomea. Alipofika katikati akaniuliza, mama, kweli ulikaa tu unatazama? Nikamwambia asome tena pole pole, labda nimesikia vibaya."

"Nisamehe, mama."

Mumewe hakuinua macho kwenye kazi yake.

"Miaka mitatu nilikusikiliza ukikisoma hicho Kiingereza," akasema. "Nilikipenda. Sikujua kuna siku kitanisema mimi." Kisha akasema, "Lakini sikai hapa nikikuwaza wewe. Namuwaza yule mtoto. Mikono yangu ilijua. Nilimngoja mtu ambaye nilimfundisha mwenyewe. Ningekuasi dakika kumi tu mapema, ungenifukuza, na yeye angekuwepo. Hilo ni langu, silo lako. Lako lipeleke kwa mama yake."

"Na ile ripoti?"

"Ripoti uliandika wewe. Unajua kuandika."

Nilirudi na nia njema. Niliandika barua ya pili, safari hii kwa Kiswahili, nikaeleza amri, na kuitwa, na kiganja. Niliipeleka wilayani mwenyewe. Afisa aliisoma nusu, akaniuliza ninataka nini hasa. Faili lilikuwa limefungwa, akasema, na aliyestaafu ameshastaafu. Barua hii ikiingia ndani, litafunguliwa faili jingine, na hilo litakuwa na jina langu. "Una watoto, sista?" akaniuliza. Nikasema ninao. Akanirudishia barua kwa vidole viwili.

Ningeweza kuiacha mezani kwake. Niliichukua.

Kwa yule msichana pia nilikwenda, mara moja. Walikuwa wamehamia Ubungo, karibu na kazi mpya ya mumewe. Niliuliza nyumba, nikaonyeshwa, nikafika mpaka mlangoni. Ndani nilisikia mtu anatwanga na kuimba kidogo. Nilijiambia kwamba pengine ameshasahau na nitamfungulia kidonda bure. Niliondoka. Leo, kwa umri huu, najua kwamba mwanamke hasahau, na kwamba kidonda nilichokuwa nakihifadhi kilikuwa changu.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi. Katika chumba changu hakuna muuguzi msaidizi aliyekatazwa tena kumgusa mzazi, na mara mbili wakaguzi waliniandika vibaya kwa hilo. Sitaki kulitaja kama malipo. Halikumrudisha mtu yeyote kazini.

Mama Mkunga na mumewe walirudi kwao kusini wakati wa kuanzishwa vijiji vya ujamaa, na sikumwona tena. Habari zake nilizipata baada ya muda mrefu kwa mpwa wa mumewe, aliyekuja Temeke na mzigo wa vinyago vya kuuza. Alikuwa mtu mzima, mpole. Aliniambia mke wa mjomba wake amefariki mwaka uliopita, na kwamba alizalisha kijijini mpaka macho yalipoacha kuona. Miaka ya mwisho wilaya iliwakusanya wakunga wa jadi ikawapa mafunzo ya siku tatu, na kila mmoja akapewa kisanduku chenye wembe, uzi na sabuni. Mwalimu alikuwa msichana aliyetoka chuoni mwaka ule. Mama Mkunga aliketi mstari wa mbele siku zote tatu, akionyeshwa namna ya kukata kitovu, na hakusema neno lolote kuhusu nafsi yake.

Nilimuuliza yule mpwa kama Mama Mkunga aliwahi kumtaja muuguzi aliyefanya naye kazi Dar es Salaam, mtu wa bara, aliyesoma kwa posta.

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, nikamwona anajitahidi kukumbuka.

"Hapana, mama," akasema. "Hakuwahi."